Binti Aliyepima Boneti Zangu

Mtu akiingia yadi kwangu namuuliza swali moja kabla ya salamu: unauza au unanunua? Anayeuza namkaribisha kivulini na kumpa kahawa. Anayenunua namwacha juani kidogo, achoke mapema. Odalys Maestas alikuja Jumanne moja mwishoni mwa Juni na gari dogo jeupe lililobonyea juu, mbele na nyuma, kama limepigwa nyundo na mtu asiye na haraka. Nikajua huyu ni muuzaji. Nikamvutia kiti.

"Utaniachia kwa bei gani?" nikasema.

"Siuzi, mama."

"Basi unanunua."

"Sinunui pia. Nimekuja kuomba nipime boneti zako."

"Ili iweje?"

"Nijue mawe yaliyozipiga yalikuwa na ukubwa gani."

Nikakirudisha kiti mahali pake.

Biashara yangu inatoka mawinguni. Huku mashariki ya Denver kila kiangazi mvua ya mawe hushuka mara mbili tatu, yakiwa madogo kama njegere au makubwa kama mayai, na kila gari lililolala nje linaamka na sura mpya. Bima inamlipa mwenye gari, mwenye gari analichoka, mimi nalinunua. Mzee Loyo, fundi wangu, analinyoosha kutoka chini kwa vyuma vyake virefu bila kugusa rangi, nami naliuza. Dhoruba ya tarehe kumi na tisa Juni mwaka huo iliniletea magari sabini na moja kwa siku tano. Majirani waliomboleza vioo vya madirisha yao. Mimi nilinunua viatu.

Kwa hiyo binti anapokuja kutaka kuyapanda panda magari hayo na rula, nataka kujua napata nini.

Alikuwa na miaka ishirini, mfupi, penseli imechomekwa kwenye nywele, na mikono ya mtu aliyewahi kufanya kazi. Kwao ni Pueblo, kusini, mji wa kiwanda cha chuma na pilipili za kijani. Baba yake yuko kiwandani. Mama yake huuza pilipili za kuchoma kando ya barabara kila Agosti, na Odalys amekulia nyuma ya meza ile, akiwaambia watu wazima kwamba bei haishuki, kisha akiishusha kidogo tu, wakati wanaondoka. Hilo sikulijua siku ile. Ningelijua ningekaa vizuri kwenye kiti changu.

Mambo ya mvua ya mawe aliyaanza na miaka tisa. Kila ikinyesha alikuwa anaokota mawe makubwa, anayatia kwenye mfuko wa mkate na karatasi ya tarehe, anayaficha kwenye friza chini ya nyama. Alikuwa na mifuko kumi na minne. Siku moja padri akaja ghafla, joto kali, mama yake akatafuta barafu ya kutia kwenye maji ya ndimu. Utafiti wake wa kwanza wote ulinywewa na padri, glasi mbili. Alinisimulia bila huzuni. "Ndiyo nikajifunza kuandika vipimo kwanza," akasema.

Kiangazi hicho alikuwa amechukuliwa kwenye programu ya utafiti kule kwenye kituo cha sayansi ya angahewa, chini ya milima. Wanachukua wanafunzi kumi na wawili wa shahada ya kwanza, watoto wa jamii ambazo sura zao huzioni sana kwenye maabara: Weusi, Walatino, watoto wa maeneo ya wenyeji wa asili wa huku, wengine ndio wa kwanza kwao kukanyaga chuo. Wiki kumi. Wanapewa chumba, posho, na walezi watatu kila mmoja: mmoja wa sayansi, mmoja wa uandishi, mmoja wa kumuuliza kama anakula. Wiki ya mwisho kila mwanafunzi anasimama ukumbini mbele ya madaktari na maprofesa, anaeleza kazi yake. Yake mwenyewe. Na wawili kati ya kumi na wawili huchaguliwa kwenda mkutano mkuu wa Januari, ambako watu wa vyuo vikubwa huja kutafuta wanafunzi wa shahada za juu kama mimi ninavyotafuta magari.

"Na wewe kazi yako ni kupima boneti?" nikamuuliza.

"Kazi yangu ilikuwa vibao."

Vibao vyenyewe ni povu gumu lililovishwa foili. Jiwe likianguka linaacha alama, unapima alama, unajua jiwe. Alivisimika vibao arobaini mashambani, mahali ambapo rada yao ya kwenye lori inaona vizuri bila majengo. Akasubiri. Dhoruba ya tarehe kumi na tisa ilikuja, ikavikaribia, ikavikata pembeni, ikamwaga kila kitu kwenye mitaa ya huku Aurora. Ya pili ikapita upande mwingine. Kati ya vibao arobaini kimoja tu kilipata alama, na hiyo ilikuwa kwato ya ndama.

"Siku ile gari nililiacha kwa binamu yangu mtaa wa tatu kutoka hapa," akasema. "Mawe yalikosa vibao arobaini, yakapata gari langu."

Nyuma ya boneti ya lori jeusi nikasikia Loyo anacheka.

"Sasa Dakta Tolliver, mlezi wangu, amenipa mpaka katikati ya Julai. Nisipopata vipimo ananihamishia kwenye kazi ya mwenzangu. Nitamsaidia kusafisha hesabu za kompyuta, na siku ya mwisho nitasimama kueleza kipande cha kazi ya mtu mwingine."

"Si bado utasimama?"

"Mama, wewe ungeuza gari la mwenzako kwa tabasamu?"

"Nimewahi. Inategemea kamisheni."

Hakucheka. Akaniangalia tu, nikaona huyu hataondoka.

"Haya. Nikikuruhusu napata nini?"

"Jina lako litaandikwa kwenye bango langu, kwenye shukrani."

"Jina langu liko juu ya geti, tena lina taa. Wewe unasoma mawingu. Niambie Jumamosi mawe yatashuka wapi, nipeleke lori langu mapema."

"Hilo hakuna anayelijua. Hata daktari wangu halijui."

"Basi mnasoma nini huko?"

"Tunasoma kwa nini hatujui."

Loyo alilazimika kuweka chuma chini.

"Lakini," akasema, na leo najua hiyo ilikuwa meza ya pilipili ikigongwa, "nitakufundisha kusoma rada. Ni ya bure, iko kwenye simu yako. Wewe unaona rangi nyekundu unakimbia, sivyo?"

"Nyekundu ni mvua kubwa."

"Nyekundu inaweza kuwa maji matupu. Kuna picha ya pili, chini yake, inayotenga maji na mawe. Wenzako wote wa biashara wanakimbilia maji."

Nikavuta tena kile kiti. Tukakubaliana: Jumamosi tatu ananifundisha na kupokea simu za wateja, mimi namwachia boneti zote. Tukapeana mikono. Mkono ukiwa bado mkononi akasema, "Na zile fomu za bima, zinazoonyesha kila gari lilikuwa wapi lilipopigwa."

Nikautoa mkono. Zile fomu ni dhahabu yangu. Kutoka kwenye fomu najua mtaa upi umepigwa vibaya na bado haujauza. Nikakataa. Kesho yake akaja na sufuria ya nyama ya nguruwe iliyopikwa na pilipili za mama yake, akaiweka juu ya meza ya ofisi, akafungua mfuniko, akaenda kupima boneti bila kusema neno. Mchana nilimpa fomu, majina nimeyafuta kwa wino mweusi, nikamwachia nambari za nyumba na mitaa. Nasema ukweli: nimewahi kuuza vitu vya maana zaidi kwa malipo madogo kuliko ile sufuria.

Akaanza kuja kila siku. Loyo, ambaye hampendi mtu yeyote anayesimama kwenye mwanga wake, alimfundisha kusoma bodi. Unashika taa yenye mistari, unaielekeza kwenye bati. Mistari ikinyooka hakuna kitu, ikipinda kuna mbonyeo ambao macho peke yake hayauoni.

"Usitazame bati," Loyo akamwambia. "Tazama mistari. Bati ni mwongo."

"Na huu, mzee? Ni jiwe?"

"Huo ni kiwiko cha mtu. Aligombana na mkewe."

"Umejuaje?"

"Uko upande wa abiria."

Wiki ya pili alikuwa amepima mibonyeo elfu mbili na zaidi. Ananyoosha mgongo, anakula burito, chapati iliyokunjwa na maharage na nyama, akiwa amesimama, anarudi. Dakta Tolliver mwenyewe akaja kuona, mtu mrefu mweusi wa Alabama, mpole, suruali ya kitambaa kizuri. Naye miaka ishirini nyuma alipita kwenye programu hiyo hiyo, akiwa mwanafunzi aliyeogopa kuuliza choo kiko wapi. Alizunguka yadi mikono mgongoni kama mnunuzi asiyetaka kuonyesha amependa. Suruali ikapata grisi, hakuona.

"Bi Quintana," akaniambia, "hujui una nini hapa."

"Daktari, najua. Nina magari sabini na moja ya mvua ya mawe. Wewe unataka lipi?"

Hakununua, lakini alimwongezea Odalys muda. Habari ya kusafisha hesabu za mwenzake ikaisha.

Jumamosi nazo nikajifunza ile picha ya pili ya rada. Dhoruba ya tarehe kumi na moja Julai wenzangu wote walikimbilia kaskazini kwenye nyekundu. Mimi nilikwenda kusini na lori moja na fomu tupu. Wao walilowa.

Mwisho wa Julai, zikiwa zimebaki siku nane kabla ya ukumbi, Odalys alikuja na ramani. Aliitandika juu ya kifuniko cha nyuma cha pikapu, akaibana pembe kwa spana. Kila gari lilikuwa nukta, nukta kubwa kwa mawe makubwa. Magharibi ya barabara ya kulipia nukta zilikuwa kama sarafu. Ukivuka barabara kuingia mitaa mipya, ghafla zinakuwa kama punje za mtama. Ghafla kabisa, kama mtu amekata kwa kisu.

"Mmeona?" akasema, sauti imepanda. "Mita mia tatu tu na mawe yanapungua nusu. Dakta Tolliver hataki niseme sana, lakini jana alizunguka meza mara nne. Huenda ni joto la lami mpya na mapaa, linakula mawe yakishuka. Hakuna aliyewahi kuliona hivi, nyumba kwa nyumba."

Loyo akapiga mluzi wa furaha. Mimi nikaitazama ile ramani kama ninavyotazama gari ambalo bei yake ni nzuri kuliko sababu yake. Zile nukta ndogo nilizijua. Nilizinunua mimi, moja moja. Watu wa mitaa mipya wana nyumba mpya, mikopo mipya, na pikapu mpya. Na pikapu mpya za aina ile...

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Niseme wazi. Ukumbini hakuna ambaye angejua. Madaktari wale hawajawahi kununua boneti. Binti angepigiwa makofi yake, angekwenda Januari. Lakini jina la yadi yangu lilikuwa kwenye lile bango, na mimi kitu kibovu nikikiuza nataka niwe nimejua na kukipangia bei. Siyo kiuzwe kwa jina langu bure.

Nikaingia ofisini, nikabandua sumaku kwenye friji, ile ya duka la burito yenye namba ya simu. Nikarudi, nikaipachika kwenye boneti ya pikapu ya kwanza ya mitaa mipya. Ikaanguka. Nikaenda ya pili. Ikaanguka. Kwenye gari la zamani la magharibi, ikashika.

"Alumini," nikasema. "Hizi za kwako ndogo zote, au karibu zote. Bati lake ni nene kuliko chuma cha hawa wengine. Jiwe lile lile linaacha alama ndogo. Hujapima mawe, mwanangu. Umepima nani ana pikapu mpya."

Loyo akavua kofia. "Nilijua ni alumini," akasema polepole. "Nimezinyoosha kumi. Sikujua kwamba yeye hajui."

"Na mimi sikujua kwamba ni jambo la kujua," Odalys akasema.

Akakaa juu ya tairi. Nikangoja alie, maana nilikuwa nimeshatayarisha la kumwambia, kwamba kwangu watu hulia baada ya kusaini. Hakulia. Alichomoa penseli kwenye nywele, akaitazama, akairudisha.

"Una sumaku ngapi?" akauliza.

Nilikuwa nayo moja. Akaichukua, akaenda nayo boneti kwa boneti mpaka mchana ukaisha, akiandika herufi moja kando ya kila gari. Ishirini na sita zilikuwa alumini. Akizitoa, upande mzima wa mashariki wa ramani unabaki mtupu. Akiziacha, ni uongo. Akampigia Dakta Tolliver simu pale pale, mbele yetu, akamwambia kila kitu bila kupunguza. Daktari akasema kitu, na Odalys akajibu, "Hapana, daktari. Nipe siku tatu."

"Anataka nini?" nikamuuliza alipokata.

"Anasema naweza kueleza nusu ya magharibi tu, si vibaya. Lakini nusu ya ramani ni picha ya mtaa, si utafiti." Akavuta fomu zangu. "Nahitaji nyumba zenye magari mawili, moja la chuma na moja la alumini, yote nje siku ile. Kiwanja kimoja, mawe yale yale. Nikilinganisha hayo mawili nitajua alumini inapunguza kiasi gani, na nitazirekebisha zote."

Tukatafuta. Nyumba za namna hiyo zilikuwa tisa. Magari yote mawili nilikuwa nayo kwa nyumba mbili tu.

"Mbili hazitoshi?"

"Mbili ni bahati, mama. Haya mengine ya chuma yako wapi?"

Nilijua yako wapi. Wenyewe waliniambia, wakinitazama usoni: la chuma tumempelekea Laskowski, ametupa bei nzuri zaidi.

Laskowski ana yadi upande wa pili wa reli. Hatukuwa tumesemeshana miaka minane, tangu alipowatangazia watu wote mnadani kwamba magari ya Quintana yananyooshwa kwa pampu ya mpira ya kuzibulia choo. Nilimwambia Odalys jambo hilo haliwezekani. Akasema sawa, ataenda mwenyewe kwa miguu, akachukua rula. Nikaona atakavyofika pale na uso ule, aombe bure, na Laskowski amgeuze kuwa kijana wa kuosha magari mpaka Krismasi. Nikachukua simu.

"Nani?" akasema Laskowski.

"Nieves Quintana."

"Umefilisika?"

"Nina mtu anataka kupima boneti zako saba kwa siku moja. Hazigusi, hazikwaruzi."

"Kwa nini nikubali?"

"Kwa ajili ya sayansi."

"Sayansi inalipa nini?"

Sikuweza kumlaumu. "Unataka nini?"

"Loyo. Wiki."

"Saa tatu."

"Siku mbili. Nina paa la gari limenishinda."

"Siku moja, na chakula chake unampa wewe. Hali mkate baridi."

Hakukata simu. Nikajua bado kuna kitu.

"Na useme uliitumia," akasema.

"Niseme nini?"

"Ile pampu. Sema uliitumia."

Odalys alikuwa amesimama mbele yangu na sumaku mkononi. Loyo alikuwa anatazama mlima.

"Mara moja tu," nikasema. "Kwenye mlango. Na ulinyooka."

Laskowski alicheka mpaka nikaiweka simu mezani. Nilikuwa tayari kumwachia Loyo kwa siku mbili ili nisiseme lile neno, lakini nilikuwa nimeshakataa siku mbili, na mtu harudi nyuma kwenye bei.

Odalys akapima yale saba. Loyo alikwenda, akanyoosha lile paa, akarudi na habari kwamba kwa Laskowski kuna feni. Nikamnunulia feni. Hiyo nayo imo kwenye gharama za sayansi.

Ukumbini nilikwenda kwa sababu jina langu lilikuwepo. Ijumaa ya kwanza ya Agosti, asubuhi, milima dirishani, watu wamevaa kadi za majina shingoni. Wazazi wa Odalys walikaa mbele yangu. Mama yake alikuwa na sufuria iliyofunikwa miguuni, na ukumbi mzima ulinuka pilipili mpaka profesa mmoja akauliza kama chakula kiko tayari. Watoto sita walieleza kazi zao kabla yake. Mawingu, vumbi, moshi wa msituni. Walikuwa wazuri, wote wakizungumza haraka kama wanafukuzwa.

Odalys hakuenda haraka. Picha ya kwanza ilikuwa vibao vyake arobaini na kwato ya ndama, watu wakacheka. Ya pili ilikuwa ile ramani nzuri yenye mkato wa kisu. Aliiacha pale muda, mpaka nikaona madaktari wanainama mbele kuitazama, tamaa imewapanda.

"Ramani hii si sahihi," akasema. "Nilikaribia kuwaletea hii."

Kisha akaonyesha sumaku ya duka la burito chini ya pikapu, kwenye vumbi. Akaeleza chuma na alumini, nyumba tisa, magari kumi na nane. Ramani ya mwisho haikuwa na mkato. Nukta zilipungua kidogo kidogo kuelekea mashariki, bila ajabu yoyote, kama rada yao ya kwenye lori ilivyosema. Joto la lami halikuwepo. Kilichobaki ni kitu kidogo: kwamba boneti inaweza kusomwa kama kibao, ukishauliza kwanza imetengenezwa kwa nini, na alumini ya pikapu zile urekebishe kwa kiasi gani. Nilisikitika kidogo kwa ile ramani ya kwanza. Ilikuwa na soko.

Profesa mzee wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. "Binti, kosa hili uliligundua vipi?"

"Sikuligundua mimi, profesa. Aliligundua mnunuzi wa zile boneti. Yupo pale nyuma, amevaa viatu vizuri."

Wenzake kumi na mmoja wote wakageuka, na madaktari wao. Nimewahi kutazamwa hivyo mnadani nikiwa nimetoa bei ya juu kwa bahati mbaya.

"Na wewe ulijuaje?" profesa akaniuliza.

"Nalipa zaidi zikiwa za alumini," nikasema. "Ni taabu kuzinyoosha."

Akaandika. Sijui aliandika nini.

Alasiri walitangaza wawili wa Januari. Wa kwanza ni kijana wa moshi wa msituni. Wa pili ni Odalys. Dakta Tolliver alisema kamati ilikuwa na kazi zenye matokeo makubwa kuliko yake, lakini yake ndiyo pekee ambayo walijaribu kuivunja kwa saa nzima ikakataa, maana mwenyewe alikuwa ameshaivunja kwanza. Mama yake alifungua sufuria. Baba yake, ambaye siku nzima hakusema, alinijia akanipa mkono.

"Chuma kilikuwa cha kwetu?" akauliza. "Cha Pueblo?"

"Sijui."

"Mwambie mtu kilikuwa cha kwetu."

Wiki mbili baadaye alikuja yadi, njiani kurudi chuoni, lile gari jeupe limejaa mpaka juu.

"Unauza au unanunua?" nikamuuliza.

"Leo nanunua."

Nikamwacha juani.

Alitaka boneti. Mkutano wa Januari una mabango mia na mia, karatasi tupu; yeye anataka kubandika lake juu ya boneti yenyewe, watu waguse. Alikuwa ameshachagua, ile nyekundu ya gari la zamani la magharibi, mibonyeo mia moja na themanini na mitatu, anaijua kwa moyo. Nikamtajia bei. Ilikuwa bei ya mtu niliyemsikia akisema mbele ya maprofesa kwamba nina viatu vizuri.

"Hiyo si bei ya rafiki," akasema.

"Rafiki simuuzii, namkopesha, halafu tunagombana."

Akatoa kitu mfukoni. Sumaku yangu ya friji. Akaitembeza juu ya ile boneti nyekundu taratibu, kati ya mibonyeo, kama Loyo alivyomfundisha kutembeza taa. Ikashika, ikashika, ikashika. Kwenye kona ya kushoto, chini ya rangi nzuri kabisa, ikateleza ikaanguka.

Tukaitazama pale chini, wote watatu.

"Hapa si chuma, pana puti ya kuzibia," akasema.

Loyo akakumbuka ana kazi nyuma ya ofisi.

"Kona ndogo," nikasema. "Ilikuja hivyo hivyo."

"Kiganja changu hakiifuniki, mama. Chini ya hii puti kulikuwa na ajali."

Nikamwachia kwa nusu. Loyo akaifunga juu ya paa la gari lake kwa kamba mbili na mablanketi, bure, bila kuniuliza, na akamfungia na mfuko wa burito. Odalys akapiga honi getini akakunja kusini.

Ile sumaku hakuirudisha. Nimelazimika kununua nyingine, na sasa nanunua zikiwa mbili.